Mama Bado na Kamati ya Kinga

Mke wangu alifanya kazi kwenye tanuri la bekari tangu ujana mpaka mvi. Watu walimwita Mama Bado. Ukimwuliza kama mkate umeiva, anakwambia bado. Hata mwenye bekari akija mbio, wateja wamejaa mlangoni, anaambiwa bado. Jioni alirudi na unga kwenye nyusi na mdomo ambao haujachoka. Mimi si msemaji. Alisema kwa niaba yetu wote wawili, na maneno yakabaki.

Alipopatikana na saratani ya titi, ukoo uliunda kamati. Kaka yake, karani mstaafu, alijichagua mwenyekiti. Kukawa na makamu, katibu, na kundi la simu. Humo kwenye simu walibishana wiki nzima, iitwe Kamati ya Matibabu au Kamati ya Kinga. Ikashinda Kinga. Mgonjwa hakuingizwa kwenye kundi, asije akasumbuliwa.

Azimio lao la kwanza: kinga ya dada ipandishwe. Kila mjumbe akaleta chupa. Ya kijani, ya kahawia, moja ina harufu ya viatu vilivyolowa. Meza yetu ikawa kama duka la rangi.

Daktari wake alikuwa binti mdogo, sauti ya chini. Alitukalisha.

"Mama, hayo ya chupa uache yote."

"Si ya kupandisha kinga?"

"Kinga yako haijapungua idadi. Imeharibiwa malezi."

Akaeleza polepole. Askari wa mwili huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Hulelewa humo mpaka wakomae, ndipo watoke. Uvimbe una ujanja wake. Unapeleka ishara kwenye mifupa kwamba askari wanatakiwa upesi. Wanatolewa wengi, hawajakomaa. Wakifika kwenye uvimbe hawaupigi. Wanaulinda, na kuwafunga mikono wale waliokomaa.

Mke wangu alimkazia macho.

"Kwa hiyo ninao wengi."

"Wengi mno."

"Ila wabichi."

"Wabichi, mama."

Akanigeukia. "Mzee, umesikia? Mwenye bekari amehamia mifupani mwangu."

Kulikuwa na dawa ya kuwaamsha askari waliokomaa. Kwake ilishindwa, kwa sababu ya hao wabichi. Hospitali ilikuwa inajaribu nyingine ya kuzuia ile ishara, zitumike pamoja. Daktari hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba anayeingia kwenye majaribio hupimwa damu, na ini liwe salama. Michanganyiko ya chupa huweza kuliumiza. Kipimo kikiharibika, nafasi anapewa mwingine. Nafasi ilibaki moja.

"Naitaka," alisema mke wangu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

Jioni ya kuamkia kipimo kamati ikatujia nyumbani. Shemeji, yule mwenyekiti, alibeba jagi. Walishindwa kukubaliana chupa ya nani ianze, basi kwa ajili ya umoja wakazichanganya zote.

"Kaka, daktari amekataza."

"Daktari ni mmoja. Sisi tumepiga kura."

"Na mimi kura yangu?"

"Wewe mgonjwa, dada. Mgonjwa hapigi kura."

"Umeionja?"

"Mimi sina saratani."

"Lakini kinga si unayo? Au mwenyekiti wa kinga hana kinga?"

Makamu akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mke wangu alikwenda jikoni akishika ukuta. Akarudi na bilauri kwenye sinia, akamimina, akampa kila mmoja.

"Aliyenyoosha mkono anywe. Kesho jioni mkiwa wazima, na mimi nitakunywa."

Walitazamana. Kukataa ilikuwa aibu mbele ya katibu, na katibu alikuwa anaandika. Wakanywa. Shemeji alifumba macho.

Asubuhi kundi la simu lilikuwa kimya. Baadaye katibu akaandika kwamba kikao kimeahirishwa kwa sababu za kiafya. Wakati huo mke wangu alikuwa maabara, mkono amenyoosha. Damu safi, ini salama. Akaipata nafasi.

Uvimbe ulipungua, ukasimama. Akaanza kula. Akatembea mwenyewe mpaka bekari na kurudi. Kamati ikajipongeza.

Kisha dawa ikachoka. Daktari alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama, mikono mifukoni. Uvimbe umepata njia nyingine, alisema. Nikamshukuru.

Ule muda alioupata aliutumia kugombana. Aligombana na mwenye bekari. Aligombana na kaka yake, wakapatana, wakagombana tena, akafurahi. Mimi nikawa wa mwisho. Ilikuwa habari ya dirisha la chumbani. Nilisema baridi itamwingia. Akasema baridi ni yake, hewa ni yake, mimi nishughulike na soksi zangu. Nikalifungua.

Siku hizi nalala peke yangu, na mvua inaingia mpaka kwenye godoro. Silifungi.