Kila Siku ya Kumi Manka Hakuja Shule

Hapana, hapana, hiyo sikubali! Eti Manka alikuwa mtoro? Mtu yuko zake Dar na kitambi chake, anaandika kwenye grupu letu la darasa, "Yule mtoro wetu wa Kilema yuko wapi siku hizi?" Na watu wanamjibu kwa vikatuni vya kucheka! Aisee, Manka ni mtoto wa baba yangu mkubwa, tumelala kitanda kimoja mpaka miguu ikawa inagombana. Mimi nilikuwepo. Ngoja niwaambie ilivyokuwa, halafu mcheke vizuri.

Enzi zetu kule Kilema mlimani, nyie mnakumbuka, shule haikuwa kupanda basi la njano na soksi nyeupe. Unaamka baridi inakung'ata masikio, moshi wa jikoni umejaa chumbani, mama anapasha kiburu cha jana, ndizi na maharage vimeshikana mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Unavaa sweta lenye viwiko vilivyotoboka, unabeba dumu la maji na kuni za shule, unashuka mteremko kwa kuteleza juu ya gogo la mgomba, ukifika chini sketi imebadilika rangi. Raha gani ile! Mtoto wa leo ukimpa gogo la mgomba atakuuliza linachajiwa wapi.

Sasa kwetu kulikuwa na mfongo. Nasema kwa wale waliozaliwa na bomba: mfongo ni ule mfereji unaoshusha maji kutoka mtoni huko juu, unapita kihamba hadi kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, kila nyumba inamwagilia. Mfongo wetu ulikuwa wa nyumba kumi. Kila nyumba siku yake, kuanzia alfajiri mpaka mchana, halafu unangoja siku kumi nyingine. Ukilala, maji yanapita mlangoni kwako yakikuangalia, na kahawa changa inakufa.

Baba mkubwa alikuwa mpagazi mlimani, akipanda na wageni hatumwoni wiki nzima. Mama mkubwa alikuwa na mapacha wa kunyonya. Babu magoti yalishagoma. Alibaki nani? Manka, miaka kumi na moja, na jembe refu kuliko yeye. Wazee wengine walinung'unika eti mfongo si kazi ya mtoto wa kike. Babu akawaambia basi waje wao. Hakuja mtu. Siku ya zamu Babu anakaa kwenye kiti barazani, anaongoza kwa sauti kama refa: "Ziba huko! Fungua hapa! Manka, maji yanaenda kwa jirani, kwani umeolewa huko?" Na Manka ndani ya tope, anaziba kwa majani na udongo, anakimbia, anafungua, anacheka.

Ndiyo, siku hiyo shule haendi.

Mwisho wa mwaka wa darasa la tano, Madam Felista, mwalimu wetu wa Kiingereza na wa darasa, akagawa ripoti. Ya Manka ilikuwa na wino mwekundu: "Attendance: irregular." Chini yake, kwa Kiswahili ili hata Babu aelewe: "Arudie darasa la tano."

Manka hakulia. Aliikunja ripoti mara nne akaisukuma ndani ya soksi. Njiani akaniambia tu, "Utanisubiri saa ya kurudi nyumbani, eh? Hata kama uko la sita."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Kaka yangu alikuwa na kamusi aliyoachiwa na mgeni wa mlimani, haina jalada, na herufi A yote ilishaliwa na panya. Bahati I ilipona. Nikatafuta kwa kidole, nikalipata: isiyolingana, isiyonyooka, isiyofuata utaratibu. Jamani, lile neno lilitunogea! Kwa siku mbili kila kitu Kilema kilikuwa irregular. Meno ya monita, irregular. Uji wenye mabonge, irregular. Bati la jikoni kwa shangazi, na shangazi mwenyewe, anayekuja kututembelea anapojisikia. Ndivyo nilivyojifunza Kiingereza mimi, sikufundishwa na mtu.

Lakini Manka hakucheza. Alirudia lile la mwisho. "Isiyofuata utaratibu? Mimi?" Akaangalia ukutani.

Ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia, na Babu alikuwa amezungushia duara kila siku ya zamu ya kina Manka. Tukahesabu. Duara hadi duara, siku kumi. Jumatatu, halafu Alhamisi ya wiki ya pili, halafu Jumapili ambayo shule haipo, halafu Jumatano. Mwalimu akiangalia daftari la mahudhurio anaona matundu tu, leo huku, kesho kule, kama nguo iliyoliwa na mende. Kumbe matundu yalikuwa yamepangwa na mfongo!

Nikaing'oa kalenda. Sikumwomba mtu. Manka ananivuta gauni, "Niache bwana, utanitia aibu," mimi huyoo mpaka nyumba za walimu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Mnauza kalenda?"

"Lile neno ulilomwandikia Manka, Madam, silo."

Enzi zile mwalimu haambiwi hivyo. Manka aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Madam alinitazama, akaingia ndani, nikajua anafuata fimbo. Akatoka na daftari la mahudhurio. Akaliweka chini kando ya kalenda, akapiga magoti na kitenge chake, akaanza kufuata kwa kidole. "Jumatatu, hayupo. Duara. Alhamisi, hayupo. Duara." Kila tundu na duara lake. Mimi nimeshavimba kama andazi. Halafu kidole kikasimama.

"Na Jumanne hii? Haina duara."

Nikafungua mdomo niseme alikuwa na homa. Manka akaniwahi.

"Hiyo nilitoroka, Madam. Tulikuwa tunateleza na magogo ya migomba."

"Tulikuwa nani?"

Manka akakazia macho kalenda. Hakunitazama hata kidogo. Madam akashusha kidole kwenye jina langu, Jumanne ileile, akakuta tundu. Jamani, alicheka yule mama, akavua miwani, akafuta macho.

Akaomba ripoti, Manka akaikunjua, naye akakata ile mistari yote miwili. Akaandika: "Amepanda darasa la sita." Halafu akamwambia Manka, "Siku ya maji, ukimaliza, njoo hivyohivyo na tope lako. Mimi nitakufundisha jioni. Lakini uje." Na Manka alikuwa anakuja, saa saba mchana, miguu myekundu mpaka magotini, kila siku ya kumi, mpaka tulipomaliza la saba. Sasa wewe wa Dar, taja mtoro mwingine wa namna hiyo!

Siku ile ya kalenda, tuliporudi nyumbani Babu alikuwa anapekua hadi chini ya vitanda. "Nani kaniibia siku zangu?"

Leo Manka anaishi Soweto hapo Moshi, ana bomba uani. Ndoo zake zinakaa wazi usiku na mchana, maana maji yakija hayapigi hodi. Juzi kaniambia kwenye simu, "Kule nyumbani nilikuwa najua siku." Kule nyumbani mfongo umeota majani. Nyumba kumi zile sasa zina mageti makali na vigae vya rangi, zinafunguliwa Krismasi, tunachoma nyama, tunapiga picha na mlima, tunashuka. Siku ya kusafisha mfereji wanaenda wazee watatu. Mimi nami nimo kwenye hao wa Krismasi, sijitoi.

Haya, wewe unayejua nani alikuwa mtoro: mara ya mwisho kuingia kwenye mfongo wa kwenu na jembe mkononi ilikuwa lini?