Pete ya Tukuyu, Kidole cha Kyela

Nakumbuka vizuri siku ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku pekee niliyoomba radhi mbele za watu. Mimi niliishia darasa la nne, nikaanza kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka Masukulu. Leo nina Fuso tatu na nyumba ya vigae pale Bagamoyo ya hapa Tukuyu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilifika hapa kwa sababu simwamini mtu. Nikiambiwa tenki limejaa, nachungulia mwenyewe.

Sasa nasikia unakwenda kununua pete ya ndoa, na umesema utachukua yoyote itakayoingia. Ndiyo maana nakuandikia. Pete ya mwanamume si kofia.

Wakati ule nilikuwa namwoa Tumpe, huyu mama unayemkuta hapa kwangu. Kwao ni Kyela, kule chini kwenye mpunga na joto, na ndoa ilipangwa kufungwa kanisani kwao. Tumpe alisema twende wote kwa sonara. Nikakataa. Moyoni nilijua (nilidhani najua) kwamba mwanamke na sonara wakikutana, anayenyolewa ni mwanamume.

Nikaenda peke yangu kwa sonara wa huku Tukuyu, juu kwenye baridi, mwezi wa saba, asubuhi. Nilikuwa natoka kupakia ndizi Kyimo kwenye manyunyu na ukungu, mikono imekufa ganzi. Sonara akanijaribisha pete mbili.

"Bosi, chukua hii kubwa kidogo. Hapo ulipo mikono ina baridi."

Nikacheka kimoyomoyo. Pete kubwa ina dhahabu nyingi, na dhahabu nyingi ina bei nyingi! Nikachukua ile ndogo iliyonikaa sawasawa, nikatoka nikijisifu kwamba nimemkwepa.

Ndoa ilikuwa mwezi wa kumi na moja, jua la Kyela linapowaka mpaka kuku wanatweta. Mchungaji alitaka pete zifike mapema, na kaka yake Tumpe, Ambakisye, alikuwa amepanda Tukuyu kwa shughuli zake, basi nikampa azishushe. Nilimpa kwa shingo upande.

Kanisani, Tumpe akanishika mkono, akasukuma pete. Ikafika kwenye kifundo cha kidole, ikagoma. Akasukuma tena. Kwaya ikaanza kunong'onezana. Mimi sikukitazama kidole, mwanangu. Nilimtazama Ambakisye. Amevaa suti mpya. Suti ile kaipata wapi? Nikapaza sauti kama niko sokoni:

"Hii pete si yangu. Imebadilishwa. Muulizeni shemeji aliyeibeba."

Mama mkwe akashika kichwa.

Mchungaji akaniuliza taratibu, "Bwana harusi, pete yako ina alama gani?"

"Ndani ina mkwaruzo. Niliukwaruza mwenyewe kwa msumari, mtu asinichezee."

Akasogea dirishani, akainua miwani, akaigeuza pete kwenye mwanga, kisha akanipa niangalie. Mkwaruzo ulikuwepo, wa msumari wangu mwenyewe. Wazee walisema, umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Bibi yake Tumpe, kikongwe kwenye benchi la mbele, hata hakuinuka. "Mkwe," akasema, "umeshuka na pete ya baridi kwenye nchi ya joto. Huku kwetu hata vidole vinanenepa. Jamani, mleteeni maji!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaletewa kikombe cha maji ya mtungini, nikachovya kidole mbele ya mkutano wote kama mtoto aliyeungua uji. Kidole kikanywea. Nikanyoosha mkono nivishwe.

Tumpe alikuwa ameifumbata pete.

"Umemwita kaka yangu mwizi hata hujaniita mke," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siku sukari ikipungua jikoni, mimi utaniita nani?"

"Nivishe kwanza, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Hapo nikaona ndoa inaniponyoka, na wala hakuna wa kumshika shati. Nikashuka pale mbele, nikamfuata Ambakisye alipokaa. Hatua zile chache zilinielemea kuliko mikungu yote ya Masukulu. Nikasema, "Shemeji, nimekukosea. Pete ni yangu na kosa ni langu."

Akanitazama. "Nimesikia, shemeji," akajibu. Hakusema amesamehe. Lakini Tumpe akafumbua kiganja.

Mke nilimpata. Ila sikiliza kilichobaki. Nina madereva watatu, na kila mmoja namfuatilia kwa simu kutoka Uyole mpaka Dar. Mtu mmoja tu ningempa ufunguo nikalala usingizi, naye ni Ambakisye. Nimemwomba mara nyingi anisimamie magari. Anacheka.

"Shemeji, mimi kitu chako sibebi tena. Hata ukinipa mfuko wa chumvi, mtafute mwingine."

Anakuja kwangu, anakula, anatania watoto, anaondoka mikono mitupu. Ulimi hauna mfupa, lakini ulivunja kitu ambacho Fuso tatu hazijanunua.

Basi mwanangu, nenda kwa sonara mchana jua likiwa kali, umetoka kazini, kidole kimejaa. Nenda na mchumba wako, macho manne yapime. Chukua pete nyepesi isiyo na jiwe, isiyokwama kwenye kamba za mizigo, na ivuke kifundo bila kulazimishwa. Fungua macho, sikukatazi. Wezi wapo, na mimi bado nachungulia tenki. Lakini kitu kikigoma kuingia, anza kukagua kidole chako kabla hujafungua mdomo, maana mtu mwaminifu ukimtukana mara moja, hata akikusalimia maisha yote, humpati tena.

Nenda salama. Kyala, Mungu wetu, akupe mke asiyeogopa kukuuliza, na mashemeji wasiokataa kubeba mzigo wako.