Tangi Lililosuguliwa kwa Mchanga

Mektilda alikulia kwenye nyumba ambayo sufuria lenye masizi lilikuwa aibu ya mwanamke. Mama yake alimfundisha kusugua kwa mchanga na majivu mpaka ujione sura. Kwa hiyo kikundi cha akina mama wafugaji wa Maganzo kilipopata tangi la stenlesi la kukusanyia maziwa, hakuna aliyeuliza nani aoshe.

"Mpeni Mama Luka," walisema wakimwonyesha Mektilda. "Huyo hata uchafu unamwogopa."

Kila gari likishabeba maziwa, Mektilda aliingiza kichwa tangini na mchanga wake na waya wa kusugulia, akiimba nyimbo za Bikira Maria. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye Magesa, dereva wa mnunuzi wa Shinyanga mjini, alipochanganya maziwa na spiriti kwenye kichupa, yakaganda. Maana yake yameanza kuchacha, hayapandi gari. Mektilda akazidi kusugua. Maziwa nayo yakazidi kuganda.

"Bosi kasema yakiganda tena kesho, anahamia kijiji kingine," alisema Magesa. "Msinipige mama zangu, mimi natumwa tu."

Mwenyekiti wao, Zipora, akamwita fundi Donatus. Donatus alipitisha pamba ndani ya tangi. Nyuzi zikanasa kila mahali.

"Shikamoo, mama. Unaosha na nini?"

"Marahaba, baba. Mchanga. Tena nauchekecha."

"Basi umechimba mitaro humu. Maziwa yanalala ndani yake, vijidudu vinazaana, sabuni haivifikii. Kiwandani walililainisha makusudi, pasiwe na pa kushika."

"Lakini si linang'aa?"

"Linang'aa, mama. Ila halitelezi."

"Mayu we, mama yangu!" Zipora akapiga makofi. "Tumewasingizia ng'ombe wa watu, kumbe ugonjwa uko mkononi mwako!"

Wenzake wakacheka. Mektilda hakucheka, aliwaza watoto wanaosomeshwa kwa maziwa hayo, akashika rozari yake mfukoni.

Kutwa hiyo Donatus alipiga msasa, kila mara akichukua ulio laini zaidi, akamalizia kwa kitambaa na dawa ya kung'arisha mpaka pamba ikapita bila kunasa. Akamwachia Mektilda brashi laini na maagizo: maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha suuza kwa maji ya moto. Basi. Mektilda alitii, lakini kuosha bila kukandamiza alikuona kama kusali bila kupiga magoti.

Asubuhi Magesa alitikisa kichupa, akakiinua juani. Akina mama wakasogea karibu. Maziwa yaliteremka kwenye kioo bila hata chembe iliyoganda.

"Haya, pakieni, mnanichelewesha!"

Vigelegele vikapigwa. Gari lilipoondoka, Mektilda alichukua brashi, Zipora akaja kusimama nyuma yake.

"Taratibu, mayu."

"Mkono uko taratibu, mwenyekiti. Hayo macho yako ndiyo yananikandamiza."