Fundi wa Mutomo Aliyeanza Kurefuka Akiwa na Miaka Arobaini na Sita

Mwaka jana, mwezi wa nne, Fundi Mulinge wa Mutomo aligundua kwamba anarefuka.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mvi zimeingia. Ana watoto watatu, mmoja ashampita urefu. Halafu ghafla, mzee mzima anaanza kurefuka upya.

Msicheke kwanza. Alikuwa na ushahidi.

Mulinge ni fundi wa vyuma, karakana yake iko karibu na soko la mbuzi. Ndani kulikuwa na meza nzito ya mbao aliyoachiwa na mzee aliyemfundisha kazi. Miguu yake minne ilikuwa imechimbiwa kwenye udongo kama nguzo za ua.

Juu ya meza kulikuwa na vaisi, lile dude la chuma lenye taya mbili linalobana paipu fundi akitaka kukata. Pembeni yake grinda, ile yenye mawe mawili yanayozunguka, ya kunolea mapanga na patasi.

Miaka yote hiyo vaisi ilikuwa inamfikia kwenye kiwiko. Anasimama wima, anakata chuma, anapiga mluzi nyimbo za kwaya.

Sasa ilikuwa inamfikia kwenye mkanda wa suruali.

"Nzisa, hebu niangalie vizuri," alimwambia mkewe jioni moja. "Naona kama nimerefuka."

Nzisa ni mwalimu wa nasari. Kupima urefu wa watoto ni kazi yake. Akamsimamisha mlangoni, akachora chaki juu ya kichwa.

"Suruali zimekufupikia, Baba Mueni?"

"Hapana."

"Umegonga kichwa mahali?"

"Hapana."

"Basi hujarefuka. Kula."

Wiki mbili baadaye akampima tena. Chaki ile ile. Hata unywele mmoja haukuwa umezidi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa sababu kichwani mwa Mulinge, kama yeye harefuki, na vaisi imeshuka, basi kuna mtu amefanya kitu.

Na mgongo ulikuwa unamuua. Kuinama kutwa nzima, jioni anarudi nyumbani amepinda kama mpini wa jembe la zamani. Kila akijinyoosha anamwita Mungu, "Ngai!"

Nani angemfanyia hivyo?

Alipata jibu bila kutafuta sana. Nyamai.

Nyamai ni fundi pia, karakana yake inatazamana na ya Mulinge, barabara katikati. Walifundishwa na mzee mmoja, wakala muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, sahani moja. Halafu kanisa likataka geti jipya, wote wawili wakaomba kazi, Mulinge akapewa. Tangu siku hiyo, salamu ya Nyamai ikawa ni kukohoa.

Mulinge alianza kwa kunong'ona kwa kinyozi kwamba Nyamai amemroga.

Kumnong'onezea kinyozi wa Mutomo ni kama kutangaza kwenye redio.

Ndani ya mwezi mmoja, akina mama wa kikundi waliokuwa wamemwagiza Nyamai majiko walisema ngoja kwanza. Kanisani, Nyamai alikuwa ndiye wa kusimama mlangoni kupokea watu. Akaambiwa kwa upole apumzike kidogo, "tukiombea hiyo maneno." Mkewe akaanza kuteka maji saa saba mchana, jua la kukaanga yai, ili asikutane na wanawake wenzake kwenye kioski cha maji.

Mulinge aliyaona hayo yote kutoka ng'ambo ya barabara.

Na alisikia raha kidogo. Anakubali mwenyewe mpaka leo.

Sasa ikafika siku ya Sugow.

Sugow ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa upande wa Garissa, ana lori. Alifika mbio akiwa na pini ya mlango wa lori imepinda.

"Fundi, nyosha hii haraka. Mbuzi wako ndani, wanalia."

Mulinge akaibana kwenye vaisi. Akachukua nyundo kubwa. Akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili.

Ya tatu, meza ikapiga magoti kama ngamia.

Vaisi ikaruka, ikatua shibiri moja kutoka kidole gumba cha mguu wake. Grinda ikafuata, ikapasuka jiwe moja ukingoni.

Sugow aliinama, akainua mguu mmoja wa meza. Ulikuwa mwepesi kama katoni. Nje mbao, ndani hewa. Akaugonga, ukamwaga udongo na mchwa, weupe, wanono, wameshiba miaka.

Mchwa walikuwa wanaila ile miguu kutokea chini ya udongo. Kila nyundo ya Mulinge ilikuwa inaisukuma meza chini kidogo. Leo kidogo, kesho kidogo.

"Fundi," Sugow akasema, "si ni wewe unaambia watu umerogwa?"

"Ni... ni mimi."

"Kwa hivyo huyu mchwa anaitwa Nyamai?"

Mulinge alitamani ardhi impasukie, lakini ardhi yenyewe ilikuwa na mchwa.

"Sugow, ndugu yangu, hii maneno ibaki hapa."

"Mimi nabeba mbuzi, sibebi maneno," Sugow akajibu. "Lakini yale uliyobeba wewe, utayashusha wapi?"

Akachukua pini yake. Kabla ya kuondoka akashusha rimu ya lori iliyopasuka, akaiviringisha mpaka mlangoni. "Jengea meza ya chuma. Chuma mchwa hawawezi."

Usiku ule Nzisa aliambiwa yote. Hakucheka hata kidogo.

"Utamwambia Nyamai lini?"

"Nikimaliza kutengeneza stendi."

"Na ukimaliza?"

"Nitapaka rangi."

"Na rangi ikikauka?"

Mulinge akageukia ukutani akajifanya amelala.

Lakini kazi aliifanya, na aliifanya vizuri. Kwanza akamwaga simiti sakafuni, akaiinamisha kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya mvua yatoke. Halafu akalaza ile rimu chini iwe kitako. Katikati akasimamisha kipande cha paipu nene kilichobaki kwenye kisima cha kuchimbwa, akakichomelea kuzunguka. Akakijaza mchanga mkavu ili kisilie kama kengele kikipigwa. Juu, plati nene, bolti nne, vaisi.

Urefu, Nzisa ndiye aliyempima, kwa tepu ya kushonea.

"Simama wima. Kunja mkono. Kutoka chini mpaka kiwiko, hapo ndipo taya zifike. Toa urefu wa vaisi yenyewe. Kata hapo."

Siku ya kwanza Mulinge alipiga kazi kutoka asubuhi mpaka jioni. Akajinyoosha. Akasubiri maumivu. Hayakuja.

Ile furaha ndiyo iliyomponza.

Kwa furaha, stendi ya grinda akaitengeneza mbio mbio. Akaipa miguu mitatu, na hapo alikuwa sawa, maana kitu cha miguu mitatu hakiyumbi, hata mafiga ni matatu. Lakini alitumia vibomba vyembamba vilivyobaki kwenye madirisha ya mtu. Hakuifunga sakafuni kwa bolti. Na lile jiwe lililopasuka hakulibadilisha.

Siku ya soko, watu wamejaa, akawasha grinda ajaribu. Ikanguruma. Simu ikaita, na ndani netiweki hakuna. Akatoka nje kuongea.

Nyuma yake, jiwe bovu likaanza kutikisa stendi.

Tk. Tk. Tk. Tk.

Grinda ikaanza kutembea.

Ikapita katikati ya karakana, ikafuata mteremko wa sakafu, ikafika mlangoni, ikatoka nje ikivuta waya nyuma yake kama mbuzi aliyekata kamba. Ilipofika ukingoni mwa varanda, waya ukakazika, plagi ikachomoka. Grinda ikanyamaza.

Imesimama. Inatazama moja kwa moja karakana ya Nyamai.

"Asi!" mama mmoja muuza nyanya akapiga kelele. "Imeenda yenyewe! Inaenda kwa Nyamai!"

"Anaiita!"

"Mchana hivi? Bila aibu?"

Watu wakaanza kukusanyika, na kijana mmoja nilimwona, maana nilikuwepo sokoni siku hiyo, ameshika jiwe. Nyamai alikuwa mlangoni kwake na spana mkononi, mikono ameiinua juu kama mtu aliyekamatwa. Mkewe alitokea nyuma yake, akamshika shati.

Mulinge alisimama katikati ya barabara, simu bado sikioni.

Anasema hapo ndipo alipogundua kitu cha kutisha: kunyamaza kungetosha. Hakuhitaji hata kudanganya. Afunge mdomo tu, soko lingemalizana na Nyamai lenyewe, na ile aibu ya mchwa ingezikwa.

Akaangalia ile mikono iliyoinuliwa. Mikono yenye makovu ya cheche za kuchomelea, sawa na yake.

"Weka jiwe chini!" akapaza sauti. "Hakuna mtu ameita kitu! Hiyo stendi ni mimi nimetengeneza vibaya!"

"Fundi, ametembeza mashine!"

"Jiwe la grinda limepasuka, na miguu ni myepesi! Ngojeni, nitawaonyesha. Mama nyanya, njoo na hicho kikombe chako cha chai."

Akairudisha grinda ndani. Akafungua jiwe bovu, akafunga jipya. Akafungia kipande kizito cha reli chini ya ile miguu, akatoboa sakafu, akakaza bolti tatu. Watu wamejazana mlangoni wanachungulia. Akaweka kikombe cha chai juu ya plati ya stendi, pembeni ya grinda.

Akawasha.

Grinda ikanguruma. Chai ikatetemeka usoni kidogo, kama maji ya karai. Haikumwagika hata tone.

"Mmeona? Sasa sikieni na hii nyingine," akasema. "Mgongo wangu haukurogwa. Meza yangu ililiwa na mchwa. Nilijua wiki tatu zilizopita nikanyamaza. Nyamai hajanifanyia kitu chochote. Nilimsingizia."

Mama wa nyanya akasema, "Basi nirudishie kikombe changu," na watu wakaangua kicheko.

Mulinge akavuka barabara.

Alitegemea matusi. Hata shavu alikuwa ameshaliandaa kwa ngumi. Lakini Nyamai alikuwa amekaa kwenye ndoo, jasho linamtoka.

"Rudia," Nyamai akasema polepole. "Ni mchwa?"

"Ni mchwa."

"Una uhakika?"

"Nimewaona kwa macho yangu. Nyamai, nisamehe."

Nyamai akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mulinge, mimi nilienda kweli."

"Ulienda wapi?"

"Kwa mganga. Ile hasira ya geti. Nilipeleka mbuzi. Nikasema tu, huyu jamaa apungue kidogo. Kidogo tu! Halafu mgongo wako ukapinda, mimi nikajua nimekuua. Miezi yote hii silali. Kila ukiita 'Ngai' huko kwako, mimi huku naita 'nisamehe.'"

Mulinge akamsogelea.

"Mganga yupi?"

"Yule wa ng'ambo ya mto. Mwenye redio kubwa."

"Asi! Si ni yeye nilimpelekea jogoo ategue uchawi wako!"

Wakatazamana. Nyamai ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ile ndoo, Mulinge akajaribu kumwinua naye akaanguka. Mke wa Nyamai alifikiri wanapigana, akaja na mwiko.

Jumatatu wakaenda pamoja kwa mganga kudai vitu vyao. Mbuzi wa Nyamai alikuwa pale uani, amezaa mapacha.

Mganga akazima redio, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Kila mmoja alikuja hapa peke yake, amenuna," akasema. "Leo mmekuja wawili, mnachekana. Sasa dawa gani hiyo mnasema haikufanya kazi?"

Walirudi Mutomo mikono mitupu.

Jumapili Mulinge aliomba nafasi, akasimama mbele ya kanisa, akarudia yote aliyoyasema sokoni. Nyamai alirudishwa mlangoni mwa kanisa kupokea watu. Akina mama wakachukua majiko yao. Siku hizi wawili hao wanatengeneza stendi pamoja, za vaisi na za grinda, na kuna fundi wa Malili aliyekuja juzi kupimwa kiwiko.

Mimi nimejifunza hivi. Kuchafua jina la mtu unaweza kwa mnong'ono, umekaa kwenye kiti cha kinyozi. Kulisafisha ni lazima usimame, upaze sauti, na uwe mahali pale pale watu walipokuamini ulipodanganya. Kama kuna mtu anakudai hiyo kazi, usingoje rangi ikauke.