Maganda kwenye Mkonge

Madam wangu wa Riyadh alikuwa mwalimu, na shule zilipofungwa alishikwa na wazimu wa maisha mepesi. Kutwa yuko kwenye simu anatazama video za Waamishi, watu fulani wa Amerika wanaosali sana, wanaokwenda kwa gari la farasi na hawataki umeme ndani ya nyumba. Asubuhi moja akaniita nimwone mwanamke mwenye kofia nyeupe ya kitambaa, amesimama mbele ya jiko la kuni, anapika mkate na yai. Nikalitazama lile jiko la kuni, nikatazama na letu la gesi, na oveni mbili, na mashine ya kuosha vyombo, nikasema moyoni, haki watu wana raha. Jiko la kuni nimelikimbia Voi, nimepanda ndege kulikimbia, kumbe limenitangulia huku na linapendwa.

Lakini chakula chenyewe nilikipenda. Unakata slesi nene ya mkate, unachukua glasi, unaipindua mdomo chini na kuibonyeza katikati mpaka kiduara kitoke. Unapaka siagi huku na huku, unaweka kikaangoni kwa moto mdogo, halafu unamimina yai ndani ya lile tundu. Chumvi, pilipili manga, basi. Kile kiduara unakikaanga kando, kinakuwa cha kuchovyea kiini. Tofauti yangu na yule Mwamishi ni kwamba mimi yai nalivunja kwanza kwenye kikombe, kwa sababu nimekulia mahali ambapo yai moja bovu linaweza kuwatoa nje nyumba nzima. Madam alinicheka, eti kwao mayai hayaozi. Watoto wake walikula wakaomba tena, na tangu hapo kila asubuhi ikawa ni mkate wa Kiamishi.

Dereva wa bosi, mume wa madam, alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Machakos, mtani kupindukia. Ijumaa akienda mtaa wa Manfuha kula ugali na wenzake alikuwa akinirudia na umbea mpya, na kwa sababu ya ule mkate alinibandika jina, Sista Mwamishi. Siku tulipoambiwa tunakwenda Jeddah kwa likizo, nyumbani kwa mama yake madam, hakunitania. Tukipakia masanduku kwenye gari akaniambia kuhusu msichana aliyefanya kazi kabla yangu.

Yule msichana alikuwa na desturi ya kukusanya nywele zinazobaki kwenye kitana na kuzifunga kwenye kitambaa, asizitupe ovyo. Wangapi kwetu hawafanyi hivyo? Huyo mama wa Jeddah, walipomtembelea, akakikuta kile kitambaa chini ya mto, akasema ni sihiri. Polisi wakaitwa. Dereva hakujua aliishia wapi, na kila aliyemuuliza alimjibu mafi, hayupo, fanya kazi yako. Na uchawi kule si maneno ya kusutana kwenye foleni ya maji. Ni kesi, na kesi hiyo inaweza kukumaliza kabisa.

"Dada," akaniambia, "huyo mama usimwachie kitu chochote asichokielewa."

Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, sina hata hirizi ya kunikinga na mafua. Nilijifanya jasiri, lakini njia nzima ya Jeddah nilikuwa nikiyarudia maneno yake.

Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, mkavu, goti moja bovu na fimbo mkononi. Sote tulimwita Mama tu. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, na kutoka dirisha la juu niliiona mitaa ya Ghulail, wanawake weusi kama mimi wanachagua mboga na kubishana bei. Hamu ya kushuka ilinishika, lakini ruhusa sikuwa nayo. Asubuhi ya kwanza nikampikia mkate wa Kiamishi. Alikula, akaisukuma sahani, akainyoshea kidole. Alitaka mwingine. Nikashusha pumzi. Nikasema, kumbe huyu ni bibi tu kama bibi wengine, dereva na mdomo wake.

Furaha ndiyo iliyoniponza. Uani kwa Mama kulikuwa na mmea ndani ya chungu kikubwa, majani marefu yenye ncha kali, ndugu kabisa na mkonge. Mama yangu pale Voi ana mkonge mlangoni, na kila yai linaloliwa kwetu, ganda lake haliendi jalalani. Analitoboa upande mmoja kwa uangalifu, analiosha, analichomeka kwenye ncha ya jani. Mkonge wote unavaa maganda meupe. Tukiwa wadogo tulisema ni ili wageni wajue humu mayai yanaliwa. Basi siku ile, nyumba imenyamaza, wote wamelala baada ya chakula cha mchana, nikatoka uani na maganda ya asubuhi niliyoyaosha. Nikayachomeka moja moja kwenye zile ncha. Sikufikiri kitu. Mkono ulienda wenyewe, na ukweli nilijisikia kama niko kwetu. Ule mmea ulipendeza. Nikarudi ndani kupiga pasi.

Alasiri Mama akatoka kunywa kahawa yake. Nilisikia fimbo ikianguka. Kisha nikasikia sauti yake, anasoma Kurani haraka haraka, na sauti inatetemeka. Mimi nilikuwa na pasi mkononi, na hapo hapo nikajua. Maganda! Yesu wangu, nimefanya nini?

Madam alishuka ngazi mbio, akatazama, akaniita. Alikuja na koleo la makaa, akayatoa maganda bila kuyagusa kwa mkono na kuyatia kwenye mfuko. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ni urembo tu, kwetu ndivyo tunavyopamba. Akamtafsiria mama yake. Mama akajibu maneno mengi, na kwa Kiarabu changu cha jikoni nikaokota machache. Goti lake lilikuwa limezidi kuuma tangu nifike. Aliota nyoka. Na kwa nini mimi navunja yai kwenye kikombe kwanza? Nanuiza nini humo ndani ya kikombe? Kila kitu changu kikageuka ushahidi. Begi langu likamwagwa sakafuni, wakapekua hata mishono ya nguo. Hawakupata kitu. Simu yangu ikachukuliwa. Nikaambiwa bosi, aliyebaki Riyadh kwa kazi, anakuja kwa ndege kesho asubuhi, na yeye ndiye atakayeamua kama polisi waitwe.

Yule madam aliyezoea kunicheka na kikombe changu hakunisogelea tena. Akipita anazunguka mbali. Hilo lilinitisha kuliko kelele zote. Usingizi haukuja, na mimi ambaye domo langu halijawahi kunyamaza nilishindwa hata kusali. Nilikuwa nikimfikiria yule msichana na kitambaa chake cha nywele. Labda naye aliambiwa kuna mtu anakuja asubuhi kuamua.

Kulipokucha Mama akaja jikoni, akaketi kwenye kiti karibu na jiko na kuilaza fimbo mapajani. Akaniamuru nipike ule mkate mbele ya macho yake. Nikakata mkate, nikaibonyeza glasi katikati. Nikashika yai, nikakitazama kikombe, nikamtazama yeye. Sikujua lipi ni baya zaidi, kukitumia au kukiacha. Nikakitumia. Akainuka, akachungulia ndani ya kikombe, akanusa, akaketi. Akanionyesha kwa fimbo nilitupe ganda kwenye pipa la taka. Yai lilipoiva nikapakua, nikamsogezea. Hakuigusa sahani.

"Kula wewe kwanza," akasema.

Nikamega. Kinywa kilikuwa kikavu, mkate haushuki. Nilitafuna nikaona nikikohoa tu nimekwisha. Nilipomeza akaniambia nifungue kinywa, akaangalia ndani kama mtu anayekagua meno ya mbuzi sokoni. Ndipo na yeye akala, polepole, bila kuniondolea jicho.

Nikamgeukia madam aliyesimama mlangoni. Nikamwomba, kwa jina la watoto wake, anipe simu nimsikie mama yangu kabla bosi hajafika. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kuaga. Nisipotokea tena, angalau awe amenisikia. Madam akasita, akamuuliza Mama, na Mama akakubali ila kwa sharti. Iwe video, wote tunaona.

Simu ilipoanza kuita ndipo nikakumbuka. Mama yangu asubuhi hukaa wapi? Mlangoni. Na mlangoni kuna nini? Nilitaka kukata, lakini simu ilikuwa mkononi mwa madam. Wakiyaona yale maganda watasema ukoo mzima ni wachawi.

Mama yangu akapokea. Uso wake ukakijaza kioo cha simu, kisha akairudisha simu nyuma kama kawaida yake, ili na kanga yake mpya ionekane. Na nyuma yake, mzima mzima, mkonge. Maganda kila ncha. Yeye hana habari, anafurahi kuwaona wenye nyumba, anawasalimia kwa Kiswahili kwa sauti ya juu ili waelewe. Akaanza kuwatembeza na simu. Huyu jogoo, hii mihogo, na kule kwa jirani. Kwa jirani pia kulikuwa na mkonge, na wenyewe una maganda, tena machakavu kuliko yetu.

Mama wa Jeddah aliusogelea uso wake kwenye kioo. Akaniambia nimuulize huyo mama ni ya nini yale. Nikauliza.

Mama yangu akacheka. "Ya nini? Ni maua hayo. Mvua yenyewe haiji, niyapate wapi mengine? Mwambie hata yeye ajaribu."

Nikatafsiri kwa Kiingereza, madam akamalizia kwa Kiarabu. Mama wa Jeddah alikitazama kile kibaraza chetu kilichochimbika, ile kanga, yale maua ya mayai. Halafu akaigusa simu kwa kidole, akaikata yeye mwenyewe.

Bosi alifika na mkoba bado begani. Akauliza hiyo sihiri iko wapi. Nilikuwa nimesimama na sahani yake mkononi. Madam akamtazama mama yake. Mimi nilimtazama pia, kwa sababu maisha yangu yalikuwa kwenye ulimi wa yule bibi na hapakuwa na pengine pa kuyatafuta.

"Mafi shei," akasema Mama. Hakuna kitu. "Umesafiri na njaa, kaa ule."

Bosi akavuta kiti. Kabla hajanyosha mkono, fimbo ikapita katikati yake na sahani, ikaniashiria mimi.

"Yeye kwanza."

Nikala kwanza. Na siku zote tulizokaa Jeddah nilikula kwanza, nimesimama, nikameza, nikafungua kinywa. Hakunipiga, hakunitukana, na siku moja alinipa kanzu yake nzuri kabisa. Tuliporudi Riyadh, dereva akaniita tena Sista Mwamishi, nikamkemea mpaka akaniomba msamaha. Nilimaliza mkataba wangu, nikapewa karatasi zangu, nikarudi nyumbani.

Mama yangu alikuwa amejiandaa. Mkonge ulikuwa mweupe wote, hakuna ncha iliyobaki tupu, amekusanya maganda tangu aliposikia narudi. Niliweka begi chini na kabla sijamkumbatia nikaanza kuyang'oa, moja moja, nikiyaficha ndani ya mtandio. Aliniacha kwanza. Alidhani nacheza. Halafu akanishika mkono.

"Mwanangu, huko walikufanya nini?"

Nikamwambia hamna kitu, nina njaa, mkate uko wapi. Nikaingia jikoni nikampikia ule mkate wa yai, nikampa sahani mkononi. Alipotaka kumega nikamzuia. Nikamega mimi, nikatafuna nimesimama, nikameza, nikamfungulia kinywa aone. Mama akaiweka sahani chini.