Mama Pindo Amepotea

Mimi nafua nguo za watu. Kamba zangu ziko nyuma ya ghorofa, upande unaopata jua, na mashuka mengi ninayoanika ni ya nyumba ya wageni iliyo barabara ya pili. Nayataja haya mapema kwa sababu bila kamba za nguo habari ya Mama Pindo haieleweki.

Jina hilo tulimpa sisi wa chini. Mjini kwao, mbali na hapa, alikuwa fundi cherehani. Alikaa miaka mingi kwenye chumba ambacho mlango wake ulifungukia barabarani. Akiinua macho kutoka kwenye sindano anaona watu, na watu wanamwamkia. Mumewe alipofariki, mwanawe wa pekee alimfuata, akamleta kwake ghorofa ya tatu, yeye na cherehani yake. Siku alipofika, alinipita uani, akasimama, akashika ncha ya gauni langu. "Mdogo wangu, pindo limefumuka hili. Niletee jioni." Hata salamu bado! Nilicheka mpaka machozi.

Siku zile za mwanzo alitembea. Mwana na mkwe wakishaenda kazini, anafunga mlango, anashuka polepole huku akishika ukuta, anauanza mtaa. Sasa mtaa wetu una balaa moja: maghorofa yote ni mapacha. Rangi ile ile, ngazi zile zile, milango ile ile. Hata mimi mwenyeji, nikiwa na mawazo, huwa napitiliza. Yeye njia aliishika kwa nguo. Aliniambia hivi: "Natoka kwenye mashuka yako meupe, nakata kwenye ovaroli za mafundi umeme, nikiona pazia la kijani lililoshonwa kombo, nimefika kwa fundi viatu." Alikuwa fundi, jicho lake lilikwenda kwenye kitambaa kwanza, ukuta baadaye.

Na kila alipofika aliketi. Fundi viatu alipindiwa suruali. Mama wa mboga alishonewa aproni yenye mfuko mkubwa. Kabla mwezi haujaandama tena, walikuwa wanamwita kwa jina.

Kisha siku moja wingu likafunga ghafla. Nani ataacha mashuka yalowe? Nikaanua. Mafundi umeme nao wakaanua, na mwenye pazia akaanua. Mama Pindo anageuka kurudi nyumbani, hamna kitu. Kamba tupu kila upande! Mvua ikamkuta anazunguka. Mwisho akaingia ghorofa aliloona ndilo, akapanda hadi ya tatu, akachomeka ufunguo. Ukagoma. Akausukuma mlango kwa bega, akidhani mkwewe amesharudi kazini, akamkemea, "Nifungulie basi, nimelowa!" Akafungua baba mmoja mwenye povu la sabuni kidevuni, wembe mkononi.

Yule baba alikuwa muungwana, alimpa kiti na taulo. Lakini mwana alipopigiwa simu alikuja mbio, uso umemshuka. "Mama, umepotea! Mtu akikudhuru nitasema nini mimi?"

Nisimseme vibaya. Ni kijana mwenye heshima na anampenda mama yake. Ila kazi yake ni kutunza stoo ya mabati na misumari, na mtu wa stoo kila chenye thamani hukifungia. Kesho yake alimwomba mama ule ufunguo. Nje ya mlango wao kuna geti la nondo. Tangu siku hiyo, wakitoka, kufuli inabaki nje na Mama Pindo anabaki ndani.

"Kwa usalama wako, mama. Jumapili nitakutembeza mwenyewe." Jumapili ikifika wanapanda gari mlangoni, wanashuka kanisani, wanarudi. Mtaa anauona kwenye kioo cha gari.

Nikawa napanda kumpelekea mashuka yaliyochanika. Nakaa ngazini, yeye anavuta kigoda nyuma ya nondo. Shuka tunalikunja jembamba, tunalipitisha kama anayelisha ndama.

"Karibu ndani," ananiambia.

"Nitakaribiaje, dada yangu, na wewe mwenye nyumba huna ufunguo?"

"Basi karibu huko huko."

Tunacheka, halafu kicheko kinaisha na tunabaki tunatazamana kati ya nondo. Siku moja nilimuuliza, "Na moto ukiwaka je?" Akasema, "Mungu yupo." Nikaona mkono wake umeshika chuma, na vidole vimepauka kwa kukikaza. Nilimwombea sana. Nilimshauri amwambie mwanawe kwamba anaumia. Akatikisa kichwa. "Amenipa chumba chenye kitanda kizuri, nimwambie ni jela? Nitakuwa mama gani?"

Saa sita mchana simu inalia. Kila siku.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nitakuwa wapi?"

Akawa anakonda. Miguu ikaanza kuvimba kwa kukaa. Cherehani ikanyamaza, mashuka yangu yakawa yanarudi na mshono uliopinda, yeye ambaye aliliona pazia la watu limeenda kombo kutoka ng'ambo ya barabara. Kutembea kulikuwa ndiyo dawa yake, na dawa imefungiwa nje.

Basi Mungu naye ana njia zake. Jumapili moja gari likagoma kuwaka. Kanisa si mbali, wakaenda kwa miguu, nami nikaungana nao. Hatujafika hata kwenye pembe, fundi viatu akainuka.

"Mama Pindo! Umepotea wewe!"

Mwana akashtuka. "Nani amepotea? Mama yuko na mimi hapa."

"Amepotea, bwana! Miguu hii ilikuwa haikosi hapa kila siku. Umemficha wapi?"

Mbele kidogo, mama wa mboga akaacha mizani. "Jamani, ulipotelea wapi, shoga? Nilijua umerudishwa kwenu bila kuaga!" Halafu mafundi umeme. Halafu yule baba wa wembe, kidevu kikavu safari hii: "Mama mkwe, umepotea! Mlango hausukumwi tena?" Watu wakaangua kicheko. Kila mmoja neno lile lile, na mwana kila anapolisikia shingo inazidi kuingia kwenye kola.

"Hawa wanakujuaje, mama? Mimi nakaa hapa miaka, hata jina la huyo fundi silijui."

"Nilitembea, mwanangu."

Mtu wa stoo hakubali kirahisi. Akaonyesha kamba, na siku ile zilikuwa tupu kwa kuwa ni Jumapili. "Haya, leo hamna nguo. Ungerudije nyumbani?"

"Ningeuliza. Nguo zinaanuliwa, watu hawaanuliwi." Akapiga hatua mbili tatu, kisha akaongeza taratibu, bila hasira, "Isipokuwa mimi."

Ibada nzima mwana aliinamisha kichwa, na sijui kama alikuwa anasali.

Jumatatu nilipanda na mashuka. Kufuli ilikuwa inaning'inia wazi. Mama Pindo amesimama ndani, amevaa viatu, kitambaa kichwani, mkono kwenye nondo.

"Wamesahau kufunga?"

"Hawakusahau. Ufunguo kaniachia juu ya cherehani."

"Sasa mbona umesimama?"

"Nangoja simu ya saa sita. Akipiga asinikute nyumbani, atasikitika."

Nikasema moyoni, ee Mungu, kumbe kufuli inaweza kufunguliwa na mtu akabaki amefungwa. Nikaketi ngazini, nikangoja naye. Jua likasogea ukutani. Simu ikalia mkononi mwake.

"Mama, upo?"

Akanitazama. Akalisukuma geti, likalia kwa kutu. Akainua mguu, ule uliovimba, akauweka nje kwenye sakafu ya ngazi, ndipo akajibu. Kwa hiyo hakusema uongo.

"Sipo, mwanangu. Nimetoka."

Nikaogopa kwamba atafoka. Kisha sauti ya yule kijana ikasikika ndogo, kama ya mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza.

"Haya, mama. Usipotee."

"Sasa hapo," alisema, huku akivuta mguu wa pili, "unasema kupotea kupi?"