Albamu ya Betri Zilizochoka

Mpunga wa Kyela hunukia ukiwa bado shambani. Watu wa mjini hudhani harufu ile huanzia kwenye sufuria, lakini sisi tuliokulia Bujonde tunaijua tangu suke linapoanza kujaa maziwa, asubuhi mvua ikiwa imekatika na jua limeanza kuchemsha maji yaliyotuama majarubani. Mvuke unapanda, harufu inakukaa kooni, na unajiona kama umeshakula. Mimi siwezi kuinusa bila kusikia ngoma za albamu moja ya hip hop, zikipigwa polepole kama watu wawili waliochoka wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Siku hizi watu wanaandika sana kuhusu enzi ya dhahabu ya muziki huo. Wanapanga albamu zao kumi bora, wanabishana nani alikuwa mkali zaidi, wanaeleza jinsi albamu inavyopaswa kusikilizwa, kwa spika gani na kwa utulivu gani. Nikiwasoma hasira hunipanda, na si kwa sababu wamekosea. Nakasirika kwa sababu mimi niliijua albamu moja tu katika enzi hiyo, nikaijua hadi pumzi ya mwimbaji, na ujuzi wangu wote ukageuka kichekesho mbele ya watu mia mbili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, vitu vilipoanza kurudi madukani. Shangazi yangu Tusekile alikuwa akivusha mchele mto Songwe kwenda Karonga, upande wa Malawi, na kurudi na vitenge, sabuni na chochote alichodhani kingepata mnunuzi. Safari moja alirudi na redio-kaseti iliyokwishatumika, mpini umevunjika na kifuniko cha betri kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuna aliyeinunua. Baba akaichukua kwa ajili ya ndege. Msimu wa mpunga kukomaa, sisi watoto tulikaa juu ya dungu katikati ya majaruba tangu alfajiri, tukipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, na ndege walikuwa wameshatuzoea. Baba alisema ndege hawajawahi kusikia kelele za Wamarekani. Ndani ya redio ile ilikuwamo kanda moja, haina kasha, maandishi yake yamefutika kwa vidole vya watu tusiowajua. Ndiyo iliyokuwa albamu yenyewe, upande wa kwanza na wa pili, na kwa misimu miwili hatukuwa na nyingine.

Ili nieleweke lazima niseme jinsi betri zilivyotumika nyumbani kwetu, maana jambo lote limelala hapo. Betri mpya zilikuwa za redio ndogo ya baba. Humo alisikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo, na kwetu kukosa tangazo la kifo cha ndugu ni aibu ambayo utasemwa nayo miaka. Sauti ya mtangazaji ikianza kufifia, betri zilihamia kwenye tochi. Tochi ikianza kuwaka njano, zilishuka kwetu, kwa ndege. Redio-kaseti ilikula betri sita na redio ya baba ilikuwa na tatu, kwa hiyo tulisubiri vizazi viwili vya betri vichoke ndipo tupate zetu. Tulizianika juu ya bati tangu asubuhi, tukazigeuza kama dagaa, tukazing'ata kidogo ubavuni, kisha tukazipanga mbili mbili kwa kufuata zilizobaki na nguvu. Hatukuthubutu kurudisha kanda nyuma kwa mashine; tuliizungusha kwa kalamu. Kwa hiyo kanda ile, tangu ifike Bujonde, haikuwahi kuzungushwa na betri mpya hata dakika moja, na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, sikujua kwamba hilo lina maana yoyote.

Mwimbaji wetu alikuwa na sauti nzito, ya mtu mzima wa makamo, anayezungumza bila haraka kama anayetoa salamu za ukoo msibani. Tulimwita Mzee. Mimi nilimwona kabisa: mwenye kitambi, koti, ameketi kwenye kiti chenye mikono, anaonya watu. Kiingereza sikukijua zaidi ya kile cha darasani, lakini kwa mwendo ule kila neno lilikuja peke yake likasimama mbele yangu, nikaliokota. Nilijua anapovuta pumzi. Nilijua wimbo wa tatu una tarumbeta linalorudiarudia kipande kilekile na kwamba mara ya saba linakatwa ghafla, na moyo wangu ulikuwa unangoja pale. Kulikuwa na mahali simu inalia na mtu anapokea kwa hasira. Kulikuwa na ile mikwaruzo, krrr krrr, ambayo leo najua ni mtu anayekwangua sahani ya santuri kwa ustadi. Sisi tulidhani redio inakula kanda, tukaruka kuizima, tukaifungua, tukaifuta kwa pindo la kanga. Wiki nzima ilipita kabla hatujaamua kwamba kumbe ndivyo Mzee alivyotaka. Nyimbo zile zilikuwa na mpangilio, moja ikiingia mlangoni kwa nyingine, na mtu akiizima katikati nilijisikia nimenyang'anywa sahani ya chakula. Hakuna aliyenifundisha kusikiliza albamu nzima. Nilikuwa juu ya dungu, sikuwa na pa kwenda.

Msimu wa pili, habari zilifika kwamba Jumatatu ya Pasaka kutakuwa na disko toto kwenye ukumbi mmoja pale Kyela mjini, na ndani yake mashindano ya kufokafoka, maana ndivyo tulivyoiita rap wakati huo. Unakuja na kanda yako, DJ anaiweka, unaishika maiki na kufuatisha. Atakayeshinda angepelekwa Mbeya kushindana na wa huko. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kwenda Mbeya. Sikuwa mrembo, sikuwa wa kwanza darasani, kwaya walinitoa kwa sababu sauti yangu ilikuwa nzito kwa msichana. Lakini sauti nzito ndiyo ya Mzee, na hapakuwa na mtoto wilaya nzima aliyeijua kanda kama mimi. Nilifanya mazoezi kidevu kikiwa kifuani, ndege wakinisikiliza. Binamu yangu Lugano, tuliyekaa naye dunguni, aliwahi kwenda Mbeya kwa matibabu ya macho, na aliniita kwa jina akanionya.

"Tumpe, mimi nilisikia rap kwenye basi. Wale wanasema mbiombio, huwezi hata kupumua."

"Hao ni vijana," nilimjibu. "Huyu ni mtu mzima."

Nakumbuka jibu hilo kila mara, na kila mara natamani mtu angenizaba kofi.

Ukumbi ulijaa watoto waliovaa nguo za sikukuu, jasho na mafuta ya nazi, na jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta. Mbele yangu walipanda wavulana watatu, wakarukaruka, maneno yakawaponyoka, wakaboboja tu, na watu wakawapigia makofi. Nilifurahi kimoyomoyo kwa sababu hawakujua maneno. Ikafika zamu yangu. Nilimpa DJ kanda, nikashika maiki, nikateremsha kidevu. Zikaanza ngoma, na zilikuwa zinakimbia. Tarumbeta lililia kama filimbi. Halafu akaanza kusema mtu nisiyemjua, sauti nyembamba, kijana, anamwaga maneno kama anayefukuzwa.

Niligeuka. "Kaka, hiyo si kanda yangu."

DJ aliitoa, akaninyooshea. Ilikuwa yangu, na mpasuko wake pembeni. "Basi mashine yako inakimbia," nilisema. "Naomba upunguze." Maiki ilikuwa mdomoni kwangu, ukumbi mzima ulisikia. Akairudisha mwanzo, ikakimbia vilevile. Mimi nikaanza kwa mwendo ninaoujua, neno kwa neno, bila kukosea hata moja, na nilipokuwa nusu ya ubeti wa kwanza yule kijana alikuwa ameshamaliza kiitikio. Nikasimama. "Punguza kidogo tu, kaka, utaona." Kicheko kikaanzia mstari wa mbele. DJ, ambaye hakuwa mtu mbaya, alichanganyikiwa kweli.

"Hebu niambie, dada mdogo. Huko kwenu mnaipigia wapi hii kanda?"

"Kwenye redio ya ndege."

"Redio ya ndege inatumia nini?"

Nami nikaeleza. Nikaeleza yote, redio ya baba, tochi, bati, kung'ata, hata Mzee wetu, kwa sababu nilidhani maelezo yatanitetea. Akaelewa kabla yangu. Aliichukua maiki mkononi mwangu akawaelezea watu, huku akijitahidi asicheke na akishindwa, kwamba betri zikiisha kanda hutembea kama kinyonga, na kwamba mwimbaji wangu mzee ni kijana tu aliyecheleweshwa. Ukumbi ukalipuka. Nilishuka ngazi nikiwa Betri Kwisha, na jina hilo nililibeba shuleni hadi nilipomaliza darasa la saba. Mmoja wa wale wavulana wasiojua maneno ndiye aliyepelekwa Mbeya.

Baba hakucheka. Alinisikiliza nikilia na kutukana mashine ya watu, akaondoka. Alirudi na betri tatu mpya kutoka dukani, akatoa tatu zilizokuwa kwenye redio yake, ambazo alikuwa amezitia siku mbili tu kabla, akazipanga kwenye redio ya ndege na kuiweka barazani. Saa ya matangazo ya vifo ilifika ikapita, naye amekaa. Tuliisikiliza albamu yote, pande mbili, kwa mwendo wake wa kweli. Baba hakujua Kiingereza. Mwishoni alisema, "Huyu mwana anakwenda mbio, lakini hakanyagi vibaya hata mara moja." Ni uchambuzi bora kuliko mwingi ninaousoma leo, na sikuujali. Nilikuwa nimekunja uso, nikingoja imalizike. Yule kijana alikuwa ameniaibisha na nilimchukia. Hata ndaga, asante ya kwetu, sikumwambia baba.

Juma lile lile Shangazi Tusekile alikuwa anatafuta kanda ya kurekodia kwaya ya akina mama. Nikaichomoa nikampa. Nilimsaidia mwenyewe kubandika karatasi kwenye vile vitundu vya juu ili mashine ikubali kurekodi. Akina mama waliimba pande zote mbili, vizuri tu, na hapo albamu ikawa imekwisha.

Mbeya nilifika baadaye, kama kila mtu, kutafuta kazi, na ninaishi huko mpaka leo kwenye umeme usiokatika sana. Mwaka huu, mtoto wa kaka yangu, Ipyana, aliyekuja kukaa nami akisoma chuo, alikuwa jikoni akibishana na mwenzake kwenye simu kuhusu hizo albamu za zamani. Nikamkatiza nikamwambia aniandikie maneno nitakayosema ayatafute. Nikaanza kuyasema, kidevu kifuani, kwa mwendo wa Bujonde, na yalikuja mengi kuliko nilivyotarajia. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshaipata. Jina la albamu, jina la mwimbaji, picha. Mwimbaji alipoirekodi alikuwa na miaka kumi na tisa. Mzee wangu alikuwa mdogo kuliko Ipyana.

Tuliisikiliza, na nilikasirika upya. Sauti ni safi mno, unasikia kila kitu. Lakini Ipyana alisikiliza nyimbo mbili, akaruka ya tatu, akaruka ya nne, akajibu ujumbe, akasema "ni kali" kwa uso usiobadilika. Nikamwambia aache kurukaruka. Akanionyesha kwamba simu inaweza kupunguza mwendo, akapunguza, na yule mwimbaji kijana akabaki na sauti ileile nyembamba, sasa analegalega kama mlevi. Simu imetengenezwa kwa akili nyingi, haikubali sauti ishuke. Leo mtoto wa Bujonde ana nyimbo zote za dunia kiganjani na hakuna wa kumcheka kwa betri, na sijui kama anajua hata wimbo mmoja unavuta pumzi wapi. Hilo nalisema nikijua kwamba mimi niliyejua nilijua kwa makosa, na kwamba nilipopewa ya kweli, na baba aliyeacha wafu wake wasitangazwe kwa ajili yangu, niliitoa bure kwa hasira.

Nilimsimulia Ipyana habari ya ukumbi, yote, na hakucheka pale nilipodhani atacheka. Aliuliza tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Sasa Shangazi, kama maneno yote ulikuwa nayo kichwani, kwa nini hukumwambia azime kanda uimbe mwenyewe?"

Ningeweza kusimama pale na sauti yangu nzito, kwa mwendo wangu, bila mashine, na ukumbi ule ungesikia kitu ambacho haukuwahi kukisikia, wala yule kijana wa Marekani hakuwahi kukifanya. Mara mbili nilimwomba DJ apunguze. Miaka thelathini imepita, na mpaka jioni ile jikoni haikuwahi kunijia kwamba ningeweza kumwomba azime.